Mtoro bin Mwinyi Bakari na Kitabu cha Desturi
Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mwalimu wa Qur'ani Bagamoyo. Alipokwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alikwisha hifadhi moyoni ndoa, jando na mazishi ya watu wa Mrima. Akayaandika yote, hata ngoma za pepo wanazozikemea masheikh wetu. Nasi twaona alifanya sawa: mpokezi akificha baadhi, ataaminiwa vipi kwa yaliyobaki?

Desturi za Wasuaheli, pamoja na khabari za sheria, kilichapwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, aliyekusanya maandishi yake na ya wenzake. Amana ya elimu yataka mwenyewe atajwe. Mwaka 1905 Mtoro alirejea na mkewe Mjerumani. Serikali ya kikoloni ikamkataza kushuka Dar es Salaam. Alifia Berlin mwaka 1927.