Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam

Mtu ashukaye katika boti itokayo Unguja, kabla hajaufahamu mji, huuona kwanza mnara wenye ncha kali. Hilo ndilo Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lielekealo bandari. Sisi makatekista wa Songea tulilizuru katika mwaka wa Jubilei, tukakaa ndani saa nyingi kuliko tulivyokusudia, maana joto la nje lilikuwa kali na vioo vya rangi vilivyo juu ya altare vyapendeza mno asubuhi.

Wabenedikto walitoka Udachi wakafika mwaka 1888, wakajenga Pugu. Mnamo Januari 1889, katika vita vya pwani, misioni ile ilivamiwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Waliosalia wakahamia Dar es Salaam. Kanisa hili lilianza kujengwa mwaka 1897, likamalizika mwaka 1902. Majina ya mapadri waliolisimamia yamehifadhiwa. Ya waliochukua mawe mabegani hatukuyaona popote.

Lakini kwetu habari iliyo nzito ni ya Askofu Cassian Spiss. Yeye ndiye aliyeianzisha Peramiho yetu mwaka 1898, akapewa Uaskofu mwaka 1902, ule ule ambao kanisa lilimalizika. Mwezi wa Agosti 1905 alikuwa njiani kutoka pwani kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuanza huko Umatumbi mwezi uliotangulia. Karibu na Liwale wote watano waliuawa. Mwezi uliofuata wazee wetu Wangoni waliichoma Peramiho, kanisa na nyumba.

Hapo ndipo ulimi wa katekista huwa mzito. Tulipokuwa watoto tulifundishwa habari ya Askofu darasani, na habari ya vita jikoni kwa bibi, wala hakuna aliyeziunganisha. Serikali ya Kidachi iliwalazimisha watu kulima pamba na kulipa kodi. Ilipoasiwa ikachoma mashamba na ghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi: wanahistoria hukadiria tangu 75,000 hata 300,000. Mwezi wa Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa hapo Songea, na wengi wao walikubali ubatizo kabla ya kupanda kitanzini. Ubatizo huo twausimulia kwa furaha. Lakini tukiusimulia bila kutaja kamba, twasema nusu ya kweli.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wadachi waliondolewa, na Wakapuchini wa Uswisi wakalipokea kanisa hili. Mwaka 1953 jimbo likawa Jimbo Kuu, na mwaka 1968 Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera, akaketi katika kiti kile kama Askofu Mkuu.

Kesho yake, kabla ya Misa ya asubuhi, tulimpelekea padri karatasi ya marehemu wa kuombewa. Tuliandika majina ya wale watano. Mzee wetu mmoja akaichukua kalamu, akaongeza chini jina la babu wa baba yake, aliyenyunyiziwa maji ya dawa akaenda vitani asirudi. Padri hakuuliza neno. Aliyasoma yote sita, moja baada ya jingine.