TOKA KIPANDE HADI RILI: HISTORIA FUPI YA KUOMBA KAZI

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilikuwa hapa hapa Kihesa, jioni baada ya jioni nimejifunika blanketi (mnaoijua Iringa ya mwezi wa saba mnanielewa), nikimsaidia dogo mmoja wa jirani kuandaa maombi ya kazi. Nilidhani ni shughuli ya jioni moja. Ikawa somo la historia, na katikati ikawa ugomvi. Nimeona niwasimulie.

Dogo ana miaka 24. Ana kompyuta ya mtumba ambayo feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, na kwa miaka miwili amejifunza mwenyewe kutengeneza katuni za kompyuta, kazi ambayo wasomi wetu siku hizi wanaiita uhuishaji. Sasa studio moja ya nje imetangaza nafasi ya ngazi ya chini kwa mtu wa rigingi. Usisome kigingi, ni rigingi! Nikamuuliza ndiyo kazi gani hiyo.

"Kaka, kikaragosi kikishachongwa kwenye kompyuta kinakuwa kama sanamu ya mpingo tu. Mimi ndiye ninayekitia mifupa, viungo na vishikio. Mchezeshaji akivuta kishikio, mkono unainuka. Bila mimi hakuna anayetembea."

Nikaelewa. Nikamwambia haya, lete barua yako. Ilianza hivi: "YAH: MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, mwenye afya njema na akili timamu..." Chini ameambatanisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba ana tabia njema.

Nilicheka mpaka blanketi likaanguka. Halafu nikanyamaza, maana barua zangu zote za kazi nimeziandika hivyo hivyo. Nani alitufundisha kuomba kazi namna hii? Kwa nini mtu anayetaka kutia vikaragosi mifupa atangulize ushahidi kwamba hana matata mtaani?

Turudi nyuma kidogo.

KARATASI YA BWANA

Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa awe na kipande. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, na nafasi ya mwajiri kuandika lini umeanza kazi, unalipwa kiasi gani na lini amekuruhusu kuondoka. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikavaliwa shingoni. Bila sahihi ya bwana wa zamani, hupati bwana mpya.

Ukitazama vizuri, kikopo kile ndicho wasifu wa kazi wa kwanza ambao mababu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa nao. Tofauti ni kwamba mwenye wasifu hakuandika hata neno moja ndani yake!

Kwetu Tanganyika neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine. Kwenye mashamba ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulihesabiwa kadi ikijaa. Waliotoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu mtu alitambuliwa kwa namba yake. Nyanda za Juu Kusini zilitoa manamba wengi, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalum ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikwenda mkonge Tanga. Mwaka aliozaliwa hakuujua, lakini namba yake aliikumbuka mpaka anaingia kaburini.

Babu hakuulizwa anajua kufanya nini. Aliulizwa ana mikono mingapi.

KARATASI YA SHULE

Uhuru ukaja mwaka 1961. Kipande kikaondoka, cheti kikashika nafasi yake. Tusikidharau cheti jamani. Ilikuwa hatua kubwa, maana angalau cheti umekipata kwa jasho lako, na mtoto wa manamba angeweza kumshinda mtoto wa karani. Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973, mihuri ikawa ya taifa zima. Enzi hizo mhitimu wa chuo kikuu hakuwa na haja ya kujinadi. Serikali ilimpangia kazi, naye akapanda basi kwenda alikopangiwa.

Miaka ya 1990 utaratibu ule ukafa. Wafanyakazi wakapunguzwa, mashirika ya umma yakauzwa, na vijana wakaambiwa wajitafutie. Tatizo ni kwamba mfumo ulikufa ukatuachia lugha yake. Ndiyo maana mpaka leo tunaandika kama mtu anayetoa taarifa polisi. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" haimwambii mwajiri unaweza kufanya nini. Inamwambia tu kwamba unajua kusimama mstarini.

Huko Ulaya nako kulikuwa na waombaji kazi. Anayetajwa sana ni Leonardo da Vinci. Mnamo mwaka 1482 hivi, akiwa na miaka kama 30, aliandaa barua kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Kwa hoja zilizopangwa kwa namba alieleza anavyoweza kutengeneza madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga na magari ya vita. Uchoraji, ule uliompa jina duniani, aliugusia mwishoni kabisa. Kwa nini? Kwa sababu Sforza alikuwa na maadui, hakuwa na upungufu wa picha ukutani. Leonardo hakuanza na baba yake ni nani. Alianza na shida ya mwajiri.

Nilipomsimulia dogo hii, akafuta barua yote. Tukaanza upya.

WATIA MIFUPA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, nayo ina historia. Neno rigingi Waingereza walilitoa melini. Ni zile kamba na nguzo zinazobeba tanga. Watu wa pwani yetu wana majina yao kwa kila kimoja: mlingoti, foromali, henza ya kupandishia, demani ya kuongozea tanga. Abiria anaona tanga limejaa upepo. Nahodha anajua kwamba bila henza tanga ni shuka tu.

Kwenye filamu, mifupa ilianza ikiwa ya chuma. Yule sokwe wa King Kong ya mwaka 1933 alikuwa kisanamu chenye viungo vya chuma ndani na manyoya ya sungura juu, na Willis O'Brien na wenzake walimsogeza kidogo kidogo, picha baada ya picha. Mwaka 1995 ikaja Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Yule mchunga ng'ombe wa kuchezea, Woody, alikuwa na vishikio zaidi ya 700. Vishikio mia saba kwa mwanasesere mmoja! Sisi tulioangalia kwenye mabanda ya video tulimwona Woody. Aliyemtia mifupa hatukumwona.

Programu za kufanyia kazi hiyo zilikuwa ghali mno kwa mtu wa Kihesa. Kilichobadilisha mambo ni Blender. Mwaka 2002, kampuni iliyokuwa inaimiliki ilipofungwa, watu duniani walichanga euro 100,000 kwa wiki saba tu, programu ikanunuliwa na kuachiwa huru kwa kila mtu. Mwezi Machi 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata Oscar. Programu hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta ya dogo inayonguruma. Kwa upande wa vifaa, umbali kati ya Kihesa na Oscar umepungua sana. Umbali uliobaki ni wa karatasi.

Na Afrika Mashariki hatukulala. Mwaka 2010 televisheni ya watoto ya Uingereza ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa picha alioanzisha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyechora kwa rangi za mafuta Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 kwa Kiswahili, kutoka Dar. Mwaka 2023 ikaja Kizazi Moto kwenye Disney+, filamu fupi 10, na ndani yake wamo Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Jina la mfululizo huo ni la Kiswahili, lakini kwenye orodha ya wakurugenzi hakuna Mtanzania. Nilimwonyesha dogo orodha ile. Hakusema kitu, aliiangalia tu kwa muda mrefu.

UGOMVI WETU

Katika kazi hii barua ni utangulizi. Kinachoamua ni rili, yaani video fupi ya kuonyesha kazi zako. Mwajiri anaitazama kwanza, na asipovutiwa sekunde chache za mwanzo, cheti chako hakifunguliwi.

Rili ya dogo ilikuwa ya sekunde 90, vipande vitano. Cha tatu kilizidi vyote: joka lenye mabawa, linageuza shingo, ngozi inajikunja vizuri ajabu. Nikamuuliza, "Joka hili mifupa umetia wewe?"

Kimya.

"Nilishusha kwenye mtandao, kaka. Ni la bure, mwenyewe ameruhusu. Mimi nimelichezesha tu."

"Lakini unaomba kazi ya kuchezesha, au ya kutia mifupa?"

"Kila mtu anafanya hivi, kaka. Unataka niwapelekee nini? Mimi ni wa Kihesa, wenzangu wamesoma vyuo vya maana."

Hapo ndipo ilinibidi nimwambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nilipoomba kazi yangu ya kwanza kwenye gazeti moja, niliambatanisha habari tatu zilizochapishwa kwa jina langu. Mojawapo, iliyo nzuri kuliko zote, sehemu kubwa aliiandika mwenzangu. Mhariri aliisoma, akauliza swali moja tu: "Huyu mzee uliyemnukuu ulimpataje?" Sikuwa na jibu. Sikupata kazi, na nilistahili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba zile habari mbili nyingine zilikuwa zangu kabisa, lakini baada ya swali lile hakuna aliyeziamini tena.

Nikamwambia: babu zetu walibeba shingoni maneno yaliyoandikwa na watu wengine kwa sababu walilazimishwa. Wewe umepata karatasi unayoiandika mwenyewe, halafu unaijaza mifupa ya mtu mwingine? Tena wakikuita kwenye usaili watakuomba ufungue faili, uwaonyeshe umejengaje.

Dogo akanuna. Siku mbili hakuja. Nikajilaumu kwamba nimekuwa mkali kuliko ilivyohitajika, maana kuogopa kwamba vya kwako havitoshi si ujambazi.

MAMA WA NYANYA

Siku ya tatu alirudi usiku, macho mekundu. Alikuwa na kipande kipya: mama muuza nyanya, kama tunaowaona kila asubuhi sokoni Kihesa. Anainama, anainua beseni, anajitwika, anageuza kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa. Basi.

Akanieleza kwa nini hicho ni kigumu kuliko joka. Bega la binadamu ndilo linalowatoa jasho watia mifupa wote. Mkono ukiinuliwa juu ya kichwa, kwapa linabonyea vibaya. Kiganja kikigeuzwa, mkono unasokoteka kama karatasi ya pipi, mpaka uongeze mifupa midogo ya kugawana mzunguko. Alinionyesha pia kwapa lilivyokuwa bovu Jumatatu na lilivyopona Alhamisi. Nikamwambia, hayo yaweke kwenye rili! Mwajiri wa kazi isiyoonekana anataka kuona kisichoonekana.

Hatimaye tulipeleka hivi. Rili ya sekunde 45, mama wa nyanya akiwa mwanzoni, kwanza anatembea, kisha ngozi inaondolewa unaona mifupa na vishikio. Kila kipande kina maandishi madogo: nani alichonga umbo, nani alitia mifupa, nani alichezesha. Joka limetoka. Wasifu ukurasa mmoja, umetaja Blender na skripti mbili ndogo za Python alizoandika kurahisisha kazi. Barua ina aya tatu, ya kwanza inazungumzia vikaragosi vya studio ile na jinsi anavyoweza kuwasaidia. Cheti cha kuzaliwa kimebaki kwenye bahasha nyumbani, kikihitajika kitaombwa.

Chini ya jina aliandika: Kihesa, Iringa, Tanzania. Mwanzoni alikuwa ameandika Dar es Salaam. Alibadilisha mwenyewe, mimi sikusema kitu.

Alibonyeza kutuma saa tano na dakika arobaini usiku, siku ya mwisho, kwa bando la kuungaunga. Hajajibiwa mpaka leo ninapoandika. Inawezekana hatajibiwa, waombaji ni wengi na dunia ni pana. Lakini nimemsikia asubuhi hii kupitia ukuta, ile feni inanguruma. Anasema anamtia mama wa nyanya vidole.

Tukisikia lolote nitawaambia.