Nyoka wa Pemba Hakungoja Karafuu

Wasee, historia ya Pemba tuliyosoma shuleni ni ya watu wenye meli: Mreno, Sultani wa Oman, Mwingereza. Halafu karafuu, basi. Leo wacha niwape ya mkaaji ambaye hata hizo meli hawezi kuziona.

Jina lake la kisayansi ni Letheobia pembana. Ni nyoka, lakini ukimkuta utadhani ni nyungunyungu: mwembamba, kipofu, hana sumu, maisha yake yote ni udongoni. Duniani kote anajulikana Pemba pekee.

Kwa nini Pemba? Cheki bahari. Enzi ya barafu maji yalishuka kama mita 120. Unguja ikashikana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba ikabaki kisiwa, kwa sababu mkondo ulio kati yake na bara una kina cha karibu mita 800. Ndiyo maana ina popo wake, bundi wake, na huyu nyoka.

Sasa leta historia ya binadamu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikaponea, ikashika namba moja kwa karafuu. Waliolima na kuchuma walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Madaftari yalihesabu karafuu. Majina ya waliozichuma mengi hayakuandikwa. Na nyoka aliyekuwa chini ya majembe yao? Broadley na Wallach walimtambulisha kwa sayansi mwaka 2007. Juzi tu!

Hapo ndipo naona shida ya historia yetu. Tunaanza kuhesabu siku mtu alipoanza kupata faida.

Hata hapa Membley ni vile vile. Ukiuliza historia utaambiwa kahawa, kisha ploti, kisha bei ya ploti. Huo udongo mwekundu ulikuwa na wenyewe kabla ya kahawa, na tingatinga halina subira ya kungoja mpaka wapewe majina.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo kazi ya kutaja spishi sitaifanya. Lakini macho ninayo, na wewe pia. Mkichimba msingi mkafukua nyoka mdogo, msimponde kwa koleo, na msimshike. Piga picha, kisha uliza watu wa Makumbusho ya Kitaifa. Huenda ni wa kawaida tu. Lakini ukishamwaga zege, hakuna atakayeuliza tena.