Kinamasi cha Rugezi na Giza la Mwaka 2004

Utangulizi

Mwanzoni mwa muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa somo la tafsiri sentensi moja fupi ya Kinyarwanda yenye neno igishanga. Majibu yaliyorudi yalikuwa manne: bwawa, kinamasi, tope na ardhioevu. Aliyeandika "bwawa" alichekwa na wenzake. Walimwambia kwamba bwawa hujengwa na watu kwa saruji ili lizuie maji ya kuzalisha umeme, na kwamba igishanga hakikujengwa na mtu yeyote.

Nililazimika kumtetea. Katika Kiswahili cha zamani, bwawa lilikuwa mahali popote penye maji yaliyotuama na majani yanayoota humo, kabla ya neno hilo kuhamia kwenye kuta za saruji. Isitoshe, hapa kwetu Rwanda kuna igishanga kimoja ambacho ni bwawa kwa maana zote mbili. Kilipoharibika, mji wa Kigali uliingia gizani. Wanafunzi wakatazamana. Wengi wao mwaka 2004 walikuwa hawajazaliwa, na waliokuwa wamezaliwa walikuwa bado wakibebwa mgongoni.

Makala haya yanakusudia kueleza habari za igishanga hicho, yaani Rugezi: kilifanya kazi gani, kiliharibiwaje, na ni nani aliyelipa gharama ya kukiponya.

Rugezi na kazi yake

Kinamasi cha Rugezi kiko kaskazini mwa nchi, katika wilaya za Burera na Gicumbi, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,050 juu ya usawa wa bahari. Ukubwa wake unazidi hekta 6,700. Kimejaza mabonde marefu yaliyo katikati ya milima iliyolimwa hadi kileleni. Humo huota nyasi ndefu pamoja na mafunjo, ambayo Mnyarwanda huyaita urufunzo. Hapana shaka sikio la msomaji limekwisha tambua undugu wa maneno hayo mawili. Chini ya mimea hiyo kuna tabaka nene la mizizi na majani yaliyooza nusu. Hayaozi yote kwa sababu maji na baridi ya milimani huzuia uozaji.

Tabaka hilo ndilo lenye siri ya Rugezi, kwani hufanya kazi kama sifongo. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zinaponyesha, hunyonya maji na kukaa nayo. Kiangazi kinapofika, kuanzia Juni, huyaachia kidogo kidogo. Maji hayo hutoka kwenye kinamasi, hupita maporomoko yanayoitwa Rusumo (si yale ya mpakani na Tanzania), kisha huingia Ziwa Burera. Jirani yake lipo Ziwa Ruhondo, ambalo liko chini ya Burera kwa karibu mita 100.

Wahandisi wa wakati wa ukoloni waliuona mteremko huo. Mwaka 1959 kituo cha kuzalisha umeme cha Ntaruka kilianza kuyatumia maji yanayoshuka kutoka Burera kwenda Ruhondo, kwa uwezo wa zaidi kidogo ya megawati 11. Mwaka 1982 kikafuata kituo cha Mukungwa, chenye uwezo wa megawati 12, kinachotumia maji yale yale yakishatoka Ruhondo. Baada ya hapo maji huingia Mto Mukungwa, yakajiunga na Nyabarongo, yakapita kandokando ya Kigali, yakaenda Akagera, Ziwa Viktoria, na mwishowe Mto Nile. Kwa hiyo kinamasi kimoja kilikuwa kikiendesha mitambo miwili ya umeme, naye mkazi wa Kigali aliyewasha taa yake jioni hakuwa na habari nacho.

Mwaka wa giza

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi hapa Kigali. Nakumbuka vizuri zile jioni ambapo mtaa mzima ulizimika kwa mara moja. Tulisoma kwa mishumaa na kwa taa za chemli. Vinyozi walikaa milangoni mwa vibanda vyao bila kazi. Wenye maduka makubwa waliwasha jenereta, na kelele zake zilikuwa ndiyo alama ya kumtambua mwenye nacho. Aliyekuwa na kazi ya kuchapa alizunguka mitaani akitafuta mahali penye umeme kama mtu anayetafuta maji ya kunywa.

Kilichokuwa kikitokea kule Burera kinajulikana. Kina cha ziwa kilikuwa kimeshuka mno, na kituo cha Ntaruka kilikuwa kikizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Serikali ililazimika kukodi mitambo mikubwa inayotumia dizeli. Dizeli hiyo, katika nchi isiyo na bandari, ilipaswa kusafirishwa kwa malori kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Gharama yake iliingia katika bei ya umeme, na bei hiyo ilipanda sana katika miaka iliyofuata.

Sababu tatu, mshitakiwa mmoja

Nini kilisababisha ziwa kushuka? Wataalamu waliochunguza jambo hili wanataja sababu tatu zilizokutana.

Ya kwanza ni mvua. Katika miaka ile mvua zilipungua, na ziwa halikupata maji liliyoyazoea.

Ya pili ni kilimo. Watu walikuwa wamechimba mifereji ndani ya Rugezi ili kuyaondoa maji na kupata mashamba. Mfereji ukishachimbwa, sifongo huminywa. Maji ambayo yangekaa miezi hutoka kwa siku chache. Juu milimani nako, udongo usio na miti wala matuta ulimomonyoka na kushuka bondeni.

Ya tatu ni uendeshaji wa vituo vyenyewe. Mitambo haikutunzwa ipasavyo, na maji ya ziwa yalitumiwa kuliko yale yaliyoingia.

Kwa maneno mengine, lilikuwepo kosa la mbingu, kosa la jembe na kosa la ofisi. Lakini hadithi hii inaposimuliwa mjini, aghalabu hutajwa jembe peke yake: "Wakulima waliharibu Rugezi." Mwanahistoria hawezi kuridhika na sentensi hiyo. Lazima aulize, ni nani aliyemfundisha mkulima kwamba igishanga ni mahali pa kulima?

Jibu linaturudisha nyuma. Utawala wa Kibelgiji ulisisitiza kilimo cha mabondeni kama kinga dhidi ya njaa, na njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944 iliacha kumbukumbu isiyofutika. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mawazo hayo yaliendelea: kukausha kinamasi kulihesabiwa kuwa maendeleo, na kukiacha na mafunjo yake kulihesabiwa kuwa uzembe. Idadi ya watu iliongezeka, na shamba la baba likagawanywa kwa wana mpaka likawa kipande. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi walirudi nchini kutoka uhamishoni na ukimbizini, nao walihitaji mahali pa kuishi na kulima. Mtu aliyeshuka bondeni na jembe lake hakuwa adui wa mazingira. Alikuwa akifanya kile ambacho babu yake aliambiwa na wakubwa akifanye.

Kufungwa kwa Rugezi

Serikali ilichukua hatua kali. Mwaka 2005 ilitungwa sheria ya kulinda mazingira, iliyoweka pia msingi wa mamlaka ya mazingira nchini, REMA. Mwaka huo huo Rugezi, pamoja na maziwa ya Burera na Ruhondo, iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Kilimo ndani ya kinamasi kilipigwa marufuku. Milimani palichimbwa matuta, na kandokando ya maji pakapandwa miti, mianzi na majani ya kulishia ng'ombe. Kaya zilihimizwa kutumia majiko yasiyokula kuni nyingi.

Mvua nazo zilirudi. Mafunjo yakaota tena, ziwa likapanda, mitambo ikapata nguvu. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo. Ndege nao walinufaika: Rugezi ni miongoni mwa makao muhimu ya umusambi, yaani korongo mwenye taji, na ya ndege mdogo wa mafunjoni ambaye wanasayansi humwita Bradypterus graueri na ambaye hupatikana katika vinamasi vichache tu vya milima ya ukanda huu.

Hata hivyo, tusisimulie ushindi huu bila kutaja waliougharamia. Familia zilizokuwa zikilima bondeni zilipoteza viazi na maharage yao. Waliokata nyasi za kuezekea, za kusukia mikeka na za kulishia mifugo walizuiwa. Taa iliwaka Kigali, ambako umeme ulikuwapo, kwa sababu mtu wa Burera, ambaye wakati ule nyumbani kwake hapakuwa na hata waya, aliacha shamba lake. Misaada ya kuwapatia njia nyingine za kujikimu ilikuja, lakini njaa haikusubiri misaada.

Mfano wa Ihefu

Mwaka 2006 nilikuwa Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili, na kwa mshangao wangu nilikuta giza lile lile nililoliacha nyumbani. Watanzania waliliita mgawo wa umeme. Bwawa la Mtera, linalopokea maji ya Mto Ruaha Mkuu, lilikuwa limekauka kupita kiasi. Mto huo, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 ulikuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Chanzo cha tatizo kilitafutwa juu yake, katika bonde la Usangu, kwenye kinamasi kiitwacho Ihefu.

Huko nako aliyeshitakiwa kwanza alikuwa mnyonge. Wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini watafiti walikuwa wamekwisha eleza kwamba mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yalichukua maji mengi wakati wa kiangazi, na kwamba namna maji ya bwawa yalivyotumiwa ilichangia pia uhaba wa umeme. Ni mbingu, jembe na ofisi tena. Tofauti ni kwamba Ruaha Mkuu umeendelea kukatika kwa miaka mingi baada ya wafugaji kuondolewa, jambo linaloonyesha kwamba kumwondoa mtu mmoja katika orodha ya sababu hakuondoi sababu zilizobaki.

Rugezi na hali ya hewa ya leo

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tuyafukue haya, ilhali siku hizi umeme wetu hautegemei Ntaruka na Mukungwa kama zamani? Ni kweli. Gesi ya Ziwa Kivu inazalisha umeme, na vituo vingine vimejengwa. Lakini hapo ndipo palipo na hatari. Mwaka 2004 Rugezi ilipougua, Kigali nzima iliugua nayo, na kwa hiyo tiba ilitafutwa upesi. Leo Rugezi ikianza kukauka, huenda mjini asiugue mtu, na huenda asiulize mtu.

Nayo mbingu haijatulia. Joto la dunia linaongezeka, na mvua zetu zimekuwa za kushtukiza: mara zinachelewa, mara zinamwagika zote kwa usiku mmoja. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo katika majimbo ya magharibi, kaskazini na kusini yaliua watu zaidi ya 130. Mto Sebeya ulifurika huko Rubavu. Maji yake hutoka upande wa Gishwati, msitu ambao sehemu yake kubwa ilikatwa katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi. Mvua kubwa ni tukio la mbinguni. Kwamba mlima haukuwa na miti ya kuipokea ni historia ya wanadamu. Kinamasi kikavu, kwa upande wake, huongeza tatizo, kwani lile tabaka la majani likikutana na hewa huanza kuoza na kutoa hewa ukaa iliyofungiwa humo kwa maelfu ya miaka.

Hapa Kigali somo limeanza kueleweka. Viwanda vilihamishwa kutoka bonde la Gikondo, na mwaka 2022 Nyandungu ilifunguliwa kuwa bustani ya umma baada ya kinamasi chake kuponywa. Ni jambo la kupongezwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hitimisho

Tumeona kwamba Rugezi haikuharibiwa na mkono mmoja, na haikuponywa na mkono mmoja. Yeyote atakayeandika historia ya mazingira ya nchi yetu kwa Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, asiishie kwenye sheria na tuzo. Wapo wazee wa Burera na Gicumbi waliolima bondeni, wakaamriwa kuondoka, wakaona mafunjo yakirudi mahali palipokuwa na viazi vyao. Wana maneno ya aina za nyasi, za matope na za maji ambayo hayamo katika kamusi zetu. Nawaomba wanafunzi wanaotoka wilaya hizo wakawasikilize wakati wa likizo na kuyaandika. Yule kijana aliyetafsiri igishanga kwa neno bwawa ameahidi kuanza na bibi yake.