Kilichowashusha

Tarehe 5 Oktoba 2015 mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyangalata, huko Kahama, uliporomoka ukiwa na watu ndani. Baadhi yao walitolewa mapema. Sita walibaki chini, takriban mita 100 kutoka juu. Walikula mende, vyura na mizizi, wakanywa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye udongo ulio juu yao. Mmoja alifia humo humo. Watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, siku ya 41. Wale wachimbaji 33 wa Chile walionaswa mwaka 2010 walikaa siku 69, lakini baada ya siku 17 waligunduliwa na kuanza kuteremshiwa chakula kwa bomba. Watu wa Nyangalata kwa wiki zile hawakuteremshiwa kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba wangali hai.

Tangu siku zile nimekuwa nikirudia swali moja: ni nini kinachomfanya mtu aache jua, ashike kamba, ashuke mahali ambapo anajua fika kwamba wenzake wamekufa? Ukizunguka Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Bukoba, kisha uvuke uingie Uganda, utakuta swali hilo lilishajibiwa na masimulizi ya zamani sana. Kiswahili chenyewe kinalijua eneo hilo la chini. Kuzimu ni neno lililo jirani na mzimu, mahali wanapokaa waliotutangulia, na wengi wa majirani zetu wa ziwani waliwaza hivyo hivyo: chini kuna watu, kuna mfalme, kuna ng'ombe.

Simulizi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Bunyoro, Uganda, aliyoiandika John Nyakatura katika kitabu chake cha mwaka 1947, ingawa wazee waliisimulia kabla yake kwa vizazi vingi. Isaza alikuwa mfalme wa juu. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, akamtumia mjumbe kutaka wachanjiane udugu. Udugu huo ulifungwa kwa buni. Ukipasua tunda la mbuni unakuta punje mbili zimelala uso kwa uso ndani ya ganda moja. Kila mmoja hujichanja tumboni, hupaka damu yake kwenye punje moja, na mwenzake huila. Tangu hapo wanakuwa kama zile punje. Isaza aliogopa kufanya udugu na mtu asiyemjua, akamwamuru mlinzi wa lango lake, Bukuku, ale buni hiyo kwa niaba yake. Mjumbe akarudi chini, na siku Nyamiyonga alipogundua kwamba amefanywa ndugu wa mlinzi wa lango, hasira yake haikupoa.

Alimtuma binti yake, Nyamata, akachunguze Isaza anapenda nini. Binti akaolewa, akaishi ikulu, akatazama. Alichokipenda Isaza kuliko vyote hakikuwa mke, wala hakikuwa ufalme. Siku moja ng'ombe walipokuwa wakirudi malishoni, Isaza alimwacha mkewe akisema naye, akatoka nje kuwaangalia. Nyamata akawa amepata jibu. Alirudi kwa baba yake akiwa na mimba, na Nyamiyonga akapandisha juu ng'ombe wawili wazuri kuliko wote waliopata kuonekana. Isaza akawapenda mno. Kisha siku moja ng'ombe wale wakaanza kwenda, naye akawafuata, wakaingia shimoni, naye akaingia. Hakurudi tena.

Msukuma yeyote aliyekulia nyuma ya mifugo hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anajua mtu anavyoweza kumfuata ng'ombe mpaka usiku umwingilie porini. Kilichomshusha Isaza kilikuwa mali aliyoipenda, lakini mlango ulifunguliwa na deni la udugu alilolikwepa.

Kwa Wahaya deni hilo linakaa wazi zaidi. Wamara, mfalme wa Wachwezi, pamoja na wenzake, akiwamo Mugasha mwenye ziwa na Irungu mwenye pori, walifika kuzimu kwa Kintu, wakapokewa kama wageni. Waliporudi walipewa ng'ombe na mbegu za kupanda, na wakaachiwa sharti la kurudisha shukrani. Juu kulikuwa na shughuli nyingi, Wamara akasahau. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, akadai. Ndivyo Wachwezi walivyotoweka duniani.

Baganda, ambao Kintu wao ni mtu wa kwanza na si mfalme wa chini, wana simulizi ya ndugu. Walumbe, Kifo mwenyewe, alikuwa akiwaua watoto wa Kintu, na Ggulu wa mbinguni, baba yake Walumbe, akamtuma mwanawe mwingine, Kayikuzi, amrudishe nyumbani. Walumbe akachimba akajificha ardhini. Kayikuzi naye akachimba kumfuata. Mashimo yao huonyeshwa hadi leo pale Ttanda. Watu waliamriwa wakae ndani kimya Walumbe atakapotokeza. Watoto wakamwona, wakapiga kelele, naye akarudi chini.

Huku kwetu Usukumani kuna Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilikuwa limemeza watu wote isipokuwa mama mmoja mjamzito. Mtoto alipokua aliuliza watu wako wapi, akaambiwa, akaondoka kwenda kulitafuta zimwi. Alirudi na panzi: mama, ndiye huyu? Siye. Akarudi na ndege, kisha na swala, na kila mara mama akamwambia siye. Mtoto huyu hajawahi kumwona anayemtafuta, wala hajawahi kumwona baba yake aliyemezwa. Anatafuta kwa upungufu ulioko nyumbani tu: nyumba ya watu wawili mahali palipopaswa kuwa na kijiji. Mwishowe alilipata zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Geita, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza, ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wakati ule zao la fahari la mkulima wa kando ya ziwa lilikuwa pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika lililoanzishwa Mwanza mwaka 1955 chini ya Paul Bomani lilikuwa miongoni mwa makubwa ya aina yake Afrika. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, malipo ya pamba yakawa ya kusuasua, na vijana ambao baba zao walioa kwa pamba wakatafuta mahari kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu iliponunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo, maelfu walikuwa tayari wameshika nyundo na moko.

Tazama duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, lilivyo. Mdomo wake unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba mtu hushuka mgongo ukigusa ukuta mmoja na magoti yakigusa wa pili. Kuta hushikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, ambayo ndiyo ngazi yenyewe. Kamba ya kupandishia mawe hupita katikati. Aliye chini mara nyingi hana mshahara. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, kuna mfadhili anayenunua unga, maharage na betri. Mchimbaji hungoja mgawo wa mifuko ya mawe, akaisage kwenye karasha, akaioshe kwenye mwalo, kisha aishike dhahabu kwa zebaki. Miezi inaweza kupita bila mwamba kutoa kitu, na kila siku anayokula ni siku anayodaiwa. Ndiyo maana kumwambia aache kwa sababu ni hatari ni kumwambia Wamara arudi kwa Kintu mikono mitupu.

Swali la kwa nini mtu ashuke limeulizwa hata mbali na hapa, tena mchezoni. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, Marekani, nao ulio kando ya ziwa, ulichapwa kwa mara ya kwanza mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijifanya mtu fulani, nao hushuka mashimoni kupambana na mazimwi. Katika kanuni zile za mwanzo, hazina iliyopandishwa juu ilihesabiwa kuwa ujuzi: kadiri ulivyotoka na dhahabu, ndivyo mtu wako alivyokua. Lakini wachezaji walipoendelea wakaanza kuuliza, huyu mtu wangu ana kwao, kwa nini ashuke? Wakamtungia ndugu aliyepotea, deni, jina la baba. Wakafika, kwa njia yao, kwa Kayikuzi na Masala Kulangwa. Nafurahi kwamba walifika. Hata mchezoni mtu alihitaji kuwa na watu juu ili kushuka kwake kuwe na maana.

Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini Geita, na mchimbaji akapata mahali pa kuuzia dhahabu yake mchana, kwa mizani inayoonekana. Ni hatua kubwa. Duara lenyewe bado linashikiliwa na magogo.

Pale Nyangalata, wiki ya sita, watu walikuwa wanachimba jirani na mahali palipofukiwa. Wakasikia sauti kutoka chini. Wangeweza kudhani ni mizimu na kukimbia, na wapo ambao wangekimbia. Walikwenda kutoa taarifa, na watu wakaanza kufukua.