Maganda ya kamba yanaweza kubeba dawa ya drepanositoze?

Wenye wamefika Wagenia, pale Kisangani, wanajua ile mitego: vikapu virefu vilivyofungwa kwenye miti katikati ya maporomoko. Maji inapita, samaki inabaki. Wanasayansi wanaotaka kutibu ugonjwa kwa jeni nao wanatafuta kikapu, ila chao kishike jeni njiani kisha kiiachilie panapohitajika.

Jeni ni maagizo ya mwili. Kwenye drepanositoze kosa ni dogo sana, sawa vile herufi moja iliyoandikwa vibaya, lakini linatosha kupinda chembe nyekundu za damu kama mundu. Zinaziba mishipa, na mtoto analia kwa maumivu. Utafiti kwa watoto wachanga wa Kisangani, uliochapishwa 2010, ulikuta zaidi ya mmoja kwa watano amebeba jeni hiyo. Kubeba si kuugua: anayeugua ni yule aliyeipata kwa baba na kwa mama pia.

Ukitia jeni tupu ndani ya damu, mwili unaikatakata mara moja. Ndiyo sababu inahitaji mbebaji, na mpaka sasa wanatumia sana virusi vilivyoondolewa makali. Watu wa Beni na Butembo wamekwisha kukutana na kazi hiyo: chanjo ya Ervebo, iliyopewa watu zaidi ya 300 000 wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ni virusi vya mifugo vinavyobeba jeni moja ya Ebola. (Haigeuzi jeni za mtu, tuseme wazi.) Lakini inatunzwa kwenye baridi kali, digrii 60 au zaidi chini ya sifuri. Na Lyfgenia, dawa ya drepanositoze inayotumia virusi, iliyokubaliwa Marekani tarehe 8 Desemba 2023, bei yake ni dola milioni 3,1 kwa mgonjwa mmoja.

Njo maana wengine wanaangalia vitu vya asili, kama kitosani. Inatoka kwenye maganda ya kamba, wale tunaita kosakosa, na ya kaa. Maganda yanasafishwa kwa asidi, kisha yanapikwa na soda kali. Kitosani ikiyeyushwa kwenye asidi kidogo inapata chaji chanya. Jeni ina chaji hasi. Vinashikana vyenyewe kuwa chembe ndogo mno, mamia kwa mstari ndiyo yanajaza upana wa unywele. Mwaka 1999 watafiti wa Baltimore walilisha panya chembe hizo, jeni ikafanya kazi ndani ya utumbo.

Utumbo si damu, lakini. Damu haina asidi, kwa hiyo kitosani inapoteza chaji na kikapu kinafunguka mapema. Hata ikifika, seli inaimeza ndani ya kifuko na kuanza kuisaga. Hakuna bado dawa ya drepanositoze iliyotengenezwa hivyo. Mtu akikuuzia unga wa maganda kwamba unaponya drepanositoze, anakudanganya.

Yenye inasaidia leo ni penisilini kwa watoto wadogo, hidroksiurea kwa agizo la daktari, chandarua, na maji ya kunywa ya kutosha. Wachumba wanaweza kupima damu wote wawili, kipimo kinaitwa elektroforezi, mbele ya kuoana.