Boti iliyonyamaza 2012, na somo ambalo bado hatujashika

Leo ukituma msimbo GitHub, sekunde chache tu na chaneli ya timu imeshajua: nani amebadilisha nini, wapi. Wasee wengi wanadhani hii kitu ililetwa na Slack. Zii. Slack ilifunguliwa kwa umma 2014, na hii tabia ni ya kitambo kuliko hiyo.

Enzi za CVS, miradi mikubwa kama FreeBSD ilikuwa inatuma kila badiliko kwa barua pepe. Ilifanya kazi, lakini barua unaisoma ukipata nafasi. Gumzo lenyewe lilikuwa IRC, ile Jarkko Oikarinen aliunda huko Oulu, Ufini, 1988. Kwa hivyo miaka ya 2000 ikaja huduma ya bure iliyoitwa CIA. Si wale majasusi! Mradi uliweka skripti ndogo kwenye hifadhi yake ya msimbo. Badiliko likiingia, skripti inaarifu seva ya CIA, na boti inatangaza kwenye chaneli. Watu wa kujitolea waliotawanyika mabara tofauti wakaanza kusikiana papo hapo. Ukiharibu kitu, mwenzako anakushtua kabla hujaenda kulala.

Shida? Miradi kibao, mlango mmoja. Septemba 2012 CIA ikazimika, haikurudi tena. Chaneli zikanyamaza.

Mwaka huo huo Eric S. Raymond akaandika irker, na wazo lake lilikuwa rahisi: hakuna seva moja ya wote. Kila anayehifadhi miradi aendeshe kijiprogramu chake mwenyewe. Mmoja akianguka, wengine wanaendelea.

Sasa tuangalie sisi. Tumerudi kwa mlango wa mwenyewe. Tangu Septemba 2022, Slack ya bure inakuonyesha ujumbe wa siku 90 pekee. Na startapu ndogo hapa Nairobi, ile haina bajeti, iko wapi? Kwa mpango wa bure. Badiliko linatangazwa, watu wanabishana hapo chini, wanakubaliana kwa nini limefanywa hivyo, halafu miezi mitatu baadaye mjadala wote haupo. Aliyeandika akipata kazi kwingine, anaondoka na sababu zote kichwani.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, wazee walisema. Lakini mpiga mbiu si mtunza kumbukumbu. Mimi naona boti iachiwe kazi yake ya kupiga kelele, na sababu ya badiliko iandikwe ndani ya Git yenyewe, kwenye ujumbe wa badiliko. Hiyo historia inanakiliwa kwa laptopu ya kila anayekloni. Kampuni ya gumzo ikifunga kesho, mnabaki nayo.

"Fixed stuff" si maelezo, boss. Timu yenu huandika nini hapo?